Faini ni Sh40,000, tumechanga Sh18,000, na mtoto yuko ndani na mamake

Kwa wenye safu,

Salamu nyingi. Naandika kwa niaba ya dada yangu mkubwa, ana miaka 34, yuko gerezani huku Pwani na hii ni wiki ya tano. Alikutwa na lita 20 za chang'aa nyumbani kwake, akalala kituoni siku mbili, kisha akapelekwa kortini. Aliposomewa shtaka akasema ni kweli, maana wanawake waliokamatwa naye walimwambia ukikubali unapigwa faini ndogo unaenda zako. Hakimu akasema Sh40,000 au miezi 6 ndani. Hatukuwa nazo. Akaingia na kitinda mimba wake, aliyekuwa na mwaka na mwezi mmoja, bado ananyonya. Wawili waliobaki, wa miaka 6 na 9, ninao mimi.

Tumechanga tukafika Sh18,000, na hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka anasema pesa zisiguswe mpaka zitimie 40,000. Mama anasema miezi 6 si miaka, amalize tu, hizo pesa zilipe kodi ya chumba anachodaiwa kabla mwenye nyumba hajatoa vitu nje. Juzi nikapigiwa simu na mtu anayejiita karani wa korti. Anajua jina la dada na namba ya kesi. Anasema nikimtumia Sh15,000 ataishusha faini iwe Sh10,000.

Naomba mniambie: tufanye nini na hizi 18,000? Mtoto tumtoe tumlee nje au tumwache? Wale wakubwa nimewaambia mama yao yuko safarini, na wa miaka 9 ameanza kunitazama vibaya. Na akitoka, kitu gani kitamzuia asirudi kwenye sufuria ile ile?

Mdogo wake, Kilifi

* * *

Dada,

Usimtumie huyo karani hata senti. Hakimu akishatoa hukumu, kazi yake kwenye faini hiyo imekwisha. Anayeweza kuigusa ni jaji wa Mahakama Kuu, kwa faili kuitishwa na amri kuandikwa. Jina na namba ya kesi si siri, hubandikwa ukutani kortini kila asubuhi kwenye orodha ya kesi za siku, na matapeli huzisoma kama kila mtu. Weka ujumbe wake wa simu na namba aliyokupa, upeleke malalamiko kwa ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Pesa halali ya faini hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na masijala ya korti, na risiti hutoka ikiwa na namba ya kesi ya dada yako. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu, umeshajua unaongea na nani.

Sasa hizo 18,000. Kaka yako anafikiri faini ni mlango usiofunguka mpaka ufunguo uwe mzima, na wengi huamini hivyo. Sivyo sheria inavyosema. Kifungu cha 342 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaruhusu mtu aliyefungwa kwa kukosa faini alipe sehemu yake, na siku zake zipunguzwe kwa kiasi kile kile. Kifungo cha miezi 6 ni siku 182 hivi. Gawanya 40,000 kwa 182 utaona kila siku yake ndani imewekewa bei ya karibu Sh220. Kwa hiyo 18,000 zinakata siku kama 82. Zinabaki 100.

Kuna punguzo lingine ambalo familia nyingi huwa hazilijui mpaka mtu wao atokee mlangoni ghafla. Mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja husamehewa theluthi akifanya kazi na kuwa na tabia njema, ila lazima awe ametumikia mwezi mmoja kamili. Huko ndani huliita rimisheni. Haombi mtu wala halilipiwi. Huwekwa kwenye hesabu tangu siku ya kuingia, na hupunguzwa akivunja kanuni za gereza. Bila kulipa chochote, siku 182 za dada yako ni siku 121. Ametumikia 35, zinabaki 86. Mkilipa 18,000, zile 100 zinakuwa 67, na ukitoa 35 zinabaki 32. Pesa mliyo nayo mkononi leo ina thamani ya karibu miezi miwili ya mtoto kulala kwao.

Tazama sasa mpango wa kaka. Akikusanya kwa miezi miwili mingine hadi itimie 40,000, dada atakuwa amebakiza siku 26. Mtakuwa mmetafuta Sh22,000 zaidi kununua wiki tatu na siku chache. Pesa ya faini hupungua uzito kila jua linapozama, na ndiyo sababu harambee za polepole huishia kumtoa mtu ambaye alikuwa anatoka mwenyewe.

Hesabu hizi ni za kukadiria. Ya mwisho ni ya ofisi ya kumbukumbu za wafungwa hapo gerezani. Nenda na kitambulisho chako, uliza mambo mawili tu: tarehe ya kutoka ya kawaida, na tarehe ya kutoka na theluthi. Ziandike. Uliza pia kama zile siku mbili za kituoni zimehesabiwa, kwa kuwa kifungu cha 333 kinataka muda wa mahabusu uzingatiwe.

Malipo ya sehemu yana utaratibu wake, na hapa ndipo watu hukwama. Dada mwenyewe ndiye anayetakiwa kumwambia mkuu wa gereza kwamba anataka kulipa sehemu ya faini. Mkuu wa gereza akishaombwa anapaswa kumpeleka kortini mara moja, na korti ndiyo inayothibitisha ni siku ngapi zimekatwa na kutoa amri. Mkienda nyinyi peke yenu masijala na 18,000, karani huenda akawaambia faini ni 40,000 na kuwarudisha, wala hatakuwa amedanganya. Hana ombi mbele yake. Basi zungumza na dada kwanza siku ya kumtembelea, aandike ombi, mjue siku atakayoletwa, nanyi mwepo hapo na pesa. Chagueni siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Amri inayotoka Ijumaa saa tisa mara nyingi hulala mezani hadi Jumatatu, na kwa bei ya Sh220 kwa siku mmeshajua hasara yake.

Kabla ya kulipa, kuna mlango wa pili wa kugonga, nao hauna ada. Ni kuomba adhabu igeuzwe iwe kifungo cha nje, yaani kazi ya jamii bila malipo badala ya gereza.

Rufaa ya kawaida haitakufaa. Muda wake ni siku 14 tangu hukumu, umeshapita, na ingawa korti inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri, rufaa ingesikizwa dada akiwa nyumbani zamani. Tena aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga hatia, anaweza kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Muulize hata hivyo jambo moja kwa utulivu: shtaka lilisomwa kwa lugha anayoielewa vizuri, na baada ya kusema ni kweli, je, mwendesha mashtaka alieleza kisa chote kisha dada akaulizwa tena kama ndivyo? Tangu kesi ya Adan mwaka 1973, hatua hizo ni za lazima. Mtu aliyesomewa Kiswahili cha haraka naye ni wa Kigiriama tupu, au aliyesema “ni kweli lakini ilikuwa ya mtu”, hakukiri. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa dada, huyo anahitaji wakili au msaidizi wa kisheria wiki hii hii, maana hatia yenyewe inaweza kufutwa.

Kama kukiri kulikuwa sawa, njia ni mapitio. Vifungu 362 hadi 364 vinampa jaji wa Mahakama Kuu uwezo wa kuitisha faili la korti ya chini na kurekebisha adhabu. Ndani ya 364 kuna mtego: aliyeweza kukata rufaa asikate, hawezi yeye kudai mapitio kama haki yake. Lakini jaji anaweza kuyaanzisha mwenyewe, na hivyo ndivyo wanawake wengi wa vifungo vifupi hutoka. Barua hupitia kwa mkuu wa gereza, afisa wa probesheni huandika ripoti, orodha inamfikia jaji. Barua isiandikwe kwa sauti ya rufaa. Isibishane na hakimu, isimlaumu chifu, isiseme pombe haikuwa yake ikiwa alikiri kuwa ni yake.

Ukurasa mmoja unatosha. Juu weka jina kamili, namba ya mfungwa, namba ya kesi, korti, tarehe ya hukumu. Kisha kosa na adhabu. Kisha kwamba alikiri mapema, hakuwahi kufungwa (kama ni kweli, kwa kuwa rekodi itaangaliwa), ametumikia siku ngapi, ana mtoto wa umri gani gerezani na wangapi nyumbani, nani anawalea na kwa kipato gani. Halafu ombi lenyewe kwa maneno wazi: kwamba muda uliobaki aumalizie kwa kazi ya jamii chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Sheria hiyo inagusa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3, au makubwa zaidi ya hayo ikiwa korti inaona miaka 3 au chini inatosha. Dada yako wa miezi 6 yumo. Mkitaka kuongeza mstari mmoja, taja Kanuni za Bangkok zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, ambazo kanuni yake ya 64 inataka mwenye mimba na mwenye watoto wanaomtegemea apewe adhabu isiyo ya gereza pale inapowezekana. Mstari mmoja tu, jaji hahitaji somo. Ambatisha nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya shule ya wale wawili. Toa nakala tatu, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mwambie dada asitafute mwandishi nje kabla hajauliza ndani. Magereza kadhaa ya Kenya yana wafungwa waliofunzwa usaidizi wa kisheria, nao barua hizi wanaziandika bure na vizuri. Nje kuna FIDA-Kenya, shirikisho la wanasheria wanawake linalowasaidia wanawake tangu 1985, Kituo cha Sheria tangu 1973, na huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa Sheria ya 2016.

Ombi hili hufa kwenye ripoti ya probesheni kuliko penginepo. Afisa huja kijijini, huuliza majirani, huzungumza na chifu au naibu wake. Kesi ya chang'aa ina ugumu wake: mara nyingi aliyeongoza msako ni chifu huyo huyo. Msimkwepe. Nendeni mapema, wewe na mama yako, mmwambie dada ataishi kwa nani na atafanya nini, na kwamba sufuria na mtungi vimeondoka. Viwe vimeondoka kweli, kwa sababu afisa atazunguka nyuma ya nyumba. Namba ya simu mliyoandika iwe inapatikana mchana. Chumba anachodaiwa kikifungwa na mwenye nyumba, muwe na anwani nyingine ya kutaja, kwa mfano kwako. Afisa akifika akakuta mlango una kufuli na jirani anasema “walihama”, ataandika kwamba mfungwa hana makazi maalumu, na kwa ripoti ya namna hiyo jaji hatakubali ombi.

Kifungo cha nje nacho ni kifungo. Atapangiwa kazi bila malipo, kufyeka shuleni, kufagia zahanati, kupanda miti, na siku zake zitaandikwa kwenye daftari. Mtoto akiugua, amjulishe msimamizi siku hiyo hiyo na aonyeshe karatasi ya kliniki. Wanaorudishwa ndani wengi hawakukataa kazi. Walikosa siku mbili tatu bila taarifa, wakaogopa kurudi, waranti ikatoka. Ombeni kituo kilicho karibu kwa miguu. Nauli ya kila siku imewavunja wengi.

Uamuzi wetu kuhusu pesa basi ni huu. Barua ipelekwe wiki hii. Mwulize afisa wa probesheni orodha inayofuata inakwenda kwa jaji lini. Ikiwa ni ndani ya wiki mbili, shikeni pesa. Ikiwa hakuna tarehe, lipeni sehemu. Na mama yako asipuuzwe, ana hoja kwenye lile la chumba: mkilipa Sh15,000 na kubakiza 3,000 za kumtuliza mwenye nyumba, mnapoteza siku 9 hivi za hesabu, lakini dada anatoka akikuta kitanda chake. Nunua utulivu huo kwa maandishi, karatasi ndogo yenye sahihi ya mwenye nyumba kwamba hatatoa vitu mpaka tarehe fulani.

Kuhusu mtoto. Sheria yetu humruhusu kukaa na mama gerezani hadi miaka 4, lakini kuna sharti ambalo watu hulisikia nusu: akishaachishwa ziwa, na mkuu wa gereza akiridhika kwamba kuna jamaa walio tayari na wanaoweza kumlea, humkabidhi kwao. Kwa hiyo swali la kumwachisha si la lishe tu. Huyu ana mwaka na miezi miwili, ananyonya, na mamake amebakiza wiki 5 au 12 kutegemea mtakalofanya. Tungemwacha. Kumwachisha ghafla ili mumtoe, kisha mama afuate baada ya mwezi, ni kumkata mara mbili. Mambo yanayobadilisha jibu ni ugonjwa usiopona humo ndani, au kupungua uzito. Basi umwone afisa wa ustawi wa gereza, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo awemo kwenye makabidhiano, msipokezane mtoto langoni bila karatasi.

Kipelekeni kile kijitabu cha Mama na Mtoto. Wanawake hukamatwa bila hicho, na muuguzi wa gereza hawezi kukisia. Aangalie kama matone ya vitamini A ya miezi 12 yalitolewa, kwa kuwa hutolewa kila baada ya miezi 6, na kumbukeni chanjo ya pili ya surua na rubela ni ya miezi 18. Hata dada akitoka kwa ile theluthi tu, bila kulipa chochote, atatoka mtoto akikaribia umri huo.

Vitu vya kupeleka, ulizeni orodha langoni kabla ya kununua. Sabuni, sodo zilizofungwa, dawa ya meno, nguo za ndani na nepi kwa kawaida hupita. Chakula kilichopikwa kwa kawaida hakipiti, na utarudi na sufuria yako ya wali jua la saa nane. Pesa zisipitishwe mkononi kwa mtu yeyote. Ziandikishwe kwenye hesabu yake, upewe karatasi.

Wale wawili waambie ukweli, leo jioni, na umwambie wa miaka 9 kwanza. Ana miaka 9, anacheza na watoto wa majirani walioona gari la polisi. Amekwisha kujua, anachongoja ni kuona kama wewe utamdanganya tena. Maneno machache: mama aliuza pombe bila ruhusa, korti imemweka mahali panapoitwa gereza, hapigwi, mdogo wenu yuko naye, atarudi karibu na mwezi fulani. Usitaje siku. Wa miaka 6 atauliza kama mama ana chakula, mwambie ndiyo. Kisha mwambie mwalimu wa darasa peke yake. Shule zikifungwa, magereza mengi ya wanawake hufungua siku za watoto kukaa na mama zao bila waya katikati; uliza afisa wa ustawi mapema, majina huandikishwa. Ukiwapeleka siku ya kawaida watamwona kwa dakika chache nyuma ya wavu, na kwa mtoto wa miaka 6 hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko kutomwona.

Jambo dogo linalosahaulika: laini yake ya simu. Isipotumika miezi kadhaa mtandao huifunga, na humo ndimo zilimo M-Pesa yake, chama chake na namba za wateja. Kama simu haikubaki gerezani, iweke chaji, upige simu moja kila mwezi. Usiguse pesa zake bila yeye kukuambia. Na mwenyekiti wa chama apigiwe sasa, maana vyama vingi humfuta anayekosa michango mitatu bila kuuliza yuko wapi.

Umeuliza kitu gani kitamzuia asirudi kwenye sufuria. Kwanza tujue alichofungiwa. Chang'aa yenyewe si haramu tangu 2010. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka huo, tunayoiita ya Mututho, ilifuta sheria kongwe iliyoipiga marufuku. Kosa ni kuipika na kuiuza bila leseni na bila viwango, na viwango ni vya kiwanda, hadi chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Mama wa pipa na bomba nyuma ya nyumba hawezi kufika huko, kwa hiyo kwake ni haramu vile vile. Msimwambie atafute leseni. Wala asipewe hotuba. Amepata wiki za kutosha za kuhutubiwa.

Kaeni naye na kalamu. Sukari nguru, hamira, kuni, maji, kitu kidogo cha kila Ijumaa kwa wanaopita, pipa zilizomwagwa kwenye misako ya mwaka jana, na sasa faini. Gawanya faida iliyobaki kwa siku. Wapikaji wengi wakishaiandika hivyo hukuta pesa yenyewe haikuwa kubwa, ila ilikuwa inakuja kila jioni, na hilo la kila jioni ndilo lililomfunga. Kazi mbadala isiyoleta pesa hadi mwisho wa mwezi haitashinda. Mahamri na mbaazi zinaweza: kilo 2 za unga hutoa mahamri 50 hadi 60, vyombo vingi anavyo, pesa inarudi kabla ya saa nne asubuhi. Mchango wenu ukija, uwe karai, jiko na unga wa wiki mbili za kwanza, usiwe bahasha. Deni la duka litaimeza bahasha siku ya kwanza. Achukue cheti cha afya na kibali cha kaunti kabla ya kukaanga barabarani, la sivyo askari wa kaunti watamrudisha kwa hakimu yule yule, safari hii akiwa na rekodi.

Rekodi hiyo itaonekana pia kwenye cheti cha tabia njema, kinachoombwa kwa alama za vidole na ada ya Sh1,050. Kama ana ndoto ya kazi za Uarabuni, alijue hilo kabla hajamlipa wakala, na amkimbie wakala anayesema anaweza kuisafisha. Akitaka kukaa na waliopitia alikopitia, shirika la Clean Start lilianzishwa na Teresa Njoroge aliyewahi kufungwa gereza la wanawake la Lang'ata, na hufanya kazi na wanawake wanaotoka ndani.

Kwa wengine mnaosoma hili huku mtu wenu akiwa bado kituoni: dhamana ya polisi haiuzwi, na pesa taslimu ya dhamana hurudishwa, kwa hiyo dai risiti. Katiba, ibara ya 49, inampa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri hadi kesi isikizwe, isipokuwa kuna sababu nzito. “Kubali uende zako” ni ushauri wa watu ambao hawatakulipia faini. Na mtu akishakiri na kupigwa faini, ana nafasi moja kabla hajashuka kizimbani: kumwomba hakimu ampe muda wa kulipa au alipe kwa awamu. Korti inao uwezo huo. Asipouomba, mara nyingi hakuna atakayemkumbusha.

Siku ya kumchukua, uwe langoni mapema asubuhi, na nauli ya watu wawili. Akirudishiwa vitu vyake akague kitambulisho na simu kabla ya kutia sahihi. Mpelekee leso, na viatu vya mtoto: aliingia akitambaa, atatoka anatembea.